Mkebe wa Bombo Zilizovunjika

Ninyi vijana mtakaosoma haya, futeni kwanza vidole. Najua mnasoma huku mnatafuna. Katoni imefika juzi kutoka kwa watoto wa ndugu yangu walioko ng'ambo, nanyi mmeirukia kama kuku waliomwagiwa ndagala, dagaa wa ziwa letu. Mmoja wenu amecheka zile karatasi za kijani za majani ya baharini, akasema ni chakula cha mbuzi. Mwingine ametema bombo, peremende nyeusi yenye chumvi, akasema watu wa huko hawana ulimi. Mimi ile nyeusi nimeinyonya mpaka ikaisha. Mkaniuliza kwa nini nafumba macho ninapokula vitu hivi. Nitawajibu, lakini mtakaa chini mpaka nimalize. Sipendi mtu anayeinuka katikati.

Baba yangu alikuwa mshusha mizigo katika magazini, duka kubwa la Mgiriki mmoja hapa Uvira, kabla ya uhuru. Sisi tulikaa Kimanga. Mizigo ilikuja kwa meli mpaka Kalundu, mingine kwa kamio kutoka Bujumbura, na barabara ya wakati ule ilitikisa gari mpaka msumari ukatoka kwenye sanduku. Kwa hiyo vitu vilivunjika. Mgiriki hakuuza kilichovunjika, aliona ni aibu. Vyote vilitupwa kwenye pembe moja ya depo, na kila Jumamosi wapakizi waliingia wakachagua.

Wenzake baba walichagua sabuni iliyokatika, chumvi iliyolowa, sahani yenye ufa. Baba alichukua mkebe mtupu wa maziwa ya unga akaujaza vitamu. Biskwi zilizopondeka. Shokola iliyoyeyuka ikaganda tena, nyeupe juu kama mguu usiopakwa mafuta. Bombo zilizoshikana na karatasi zake. Wenzake wakamcheka.

"Weye muzee, ungali mutoto?"

"Minye siko mutoto," akawajibu, "lakini niko nao mu nyumba."

Mama hakufurahi. Alikuwa mfuaji, na mfuaji anapenda sabuni. Kila Jumamosi alipoona mkebe aliuliza, "Na sabuni iko wapi?" Baba aliketi mkekani, akafungua kisu chake kidogo.

Hapo ndipo desturi ya nyumba yetu ilipoanzia. Baba alikata kila kipande ili kitoshe watu wote, hata kama kila mmoja anapata cha ukubwa wa ukucha. Tulifumba macho. Aliweka kwenye ulimi wa kila mmoja, na hapana kumeza kabla hujasema ndani mna nini. Mama, kwa kuwa sabuni ilikuwa imekwisha potea, aliongeza sheria yake: asiyesema, zamu ijayo hapati, na anayesema uongo ili aonekane anajua, hapati mpaka mkebe uishe.

Msidhani ilikuwa rahisi. Mgiriki alikuwa na kitu laini cha kukatwa miraba, kimepakwa unga mweupe, kinanukia maua. Mara ya kwanza nilisema ni sabuni ya kuogea, mama akasema, "Kweli, na mimi hiyo sabuni ningeitaka." Palikuwa na bombo nyeusi ndefu kama kamba ya kiatu, zilizotoka Ulaya, chungu na tamu pamoja, nilisema ni mzizi, na baba, aliyekuwa amekwisha kumwuliza tajiri wake, akasema ni mzizi kweli. Nilijisikia mkubwa siku hiyo. Kwa Mhindi aliyekuwa na duka pembeni zilikuja nyuzi za unga wa dengu zenye pilipili, ambazo zilivunjika zenyewe hata bila barabara mbaya. Tulilia machozi, tukanyoosha mikono tupewe tena.

Na palikuwa na vitu viwili vilivyofanana kama mapacha. Kimoja cha Mgiriki: ufuta ulioshikanishwa kwa asali, kipande chembamba kigumu. Kingine cha yule Mhindi: sukari guru na karanga zilizopondwa, na tangawizi kidogo. Vikiwa vizima ungeviachanisha kwa macho. Vikivunjika, vyote vilikuwa makombo ya rangi ya tofali. Mama alivichanganya kila mara. Alisema, "Tamu iko tamu." Mimi sikuvichanganya. Ufuta unakupa uchungu kidogo mwanzoni, karanga inakuja mwisho, ikikaa nyuma ya meno. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Siku ya uhuru Mgiriki alifungua gunia la zile bombo ngumu za arusi, nyeupe na za waridi, umbo la yai la ndege, na ndani mna kokwa. Alisimama mlangoni akagawa kwa viganja. Watoto wa Uvira walijaa hapo kama nzi, na mimi nikiwemo. Nyanya yangu, mama yake baba, alikuwa ameshuka kutoka kijijini kwake Runingu ili auone huo uhuru kwa macho yake. Alipata kiganja kizima. Hakula hata moja. Alizifunga kwenye pindo la kitenge, akarudi nazo Runingu, akazipanda kando ya mihogo.

Baba alipopata habari alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, ile haiko mbegu!"

"Nani alikwambia?" nyanya akasema. "Wazungu walituficha mambo mengi. Minye nimeipasua, iko na kokwa. Chenye kokwa kinapandwa."

Siafu ndio waliovuna. Lakini nyanya hakukubali kabisa kwamba alikosea. Mpaka anakufa alisema udongo wa Runingu ulikuwa mzuri, ni mvua iliyochelewa.

Ilipita miaka michache tu, vita vya waasi vikatufikia. Sitaeleza nani alimpiga nani na kwa sababu gani. Wenye kuyajua wako, na wengi wao waliyajua wakiwa mbali. Mimi nilijua kwamba magazini yalifungwa, kwamba wanaume walipita barabarani na matawi kichwani, na baadaye basoda wa serikali nao wakapita, na kwetu sauti ya risasi ilikuwa ile ile. Mgiriki alivuka kwenda Bujumbura, akamwachia baba funguo. Baba akasema atabaki kulinda, sisi tutangulie Runingu kwa nyanya. Siku ya kuondoka alimpa mama unga, chumvi na shuka. Mimi alinipa mkebe.

"Usiufungue ovyo," akaniambia. "Mule kuna dunia nzima, na haitakuja nyingine sasa hivi."

Mgongoni mwa mama alikuwa ndugu yangu wa mwisho, mtoto asiye na jino. Huyo ndiye baba yao hao waliotuma katoni. Sasa mmeacha kutafuna. Vizuri.

Runingu hatukukaa. Vita vilitambaa katika bonde lote la Ruzizi, na watu wakaanza kupanda mlimani kuelekea Mulenge, kwa watu wa ng'ombe. Nyanya alifunga mlango wake kwa kamba, akapanda nasi huku akilaumu kila jiwe. Njiani mama alishikwa na homa. Tulilala kwenye nyasi, mvua ikatunyeshea, na homa ikazidi, na maziwa yake yakakauka. Mtoto alivuta, akaachia, akalia. Siku iliyofuata alilia kidogo. Siku iliyofuata hakulia tena, alifungua tu mdomo kama samaki aliyetolewa ziwani. Mama alimpa maji. Alimpa uji mwepesi, akautapika. Asubuhi ile ya mwisho mama alichukua kitambaa safi, akatia makombo kutoka kwenye mkebe wangu, akafunga fundo, akalilowesha kwa maji, akamwekea mdomoni anyonye. Alinyonya. Kidogo, lakini alinyonya, na hivyo ndivyo tulivyomfikisha juu akiwa bado anapumua.

Jua lilikuwa limeinama tulipofika kwenye boma la kwanza. Mwanamke alikuwa amesimama mlangoni na mtoto wake mwenyewe kiunoni, mnene, mwenye makunjo mikononi. Alimwangalia mama, akamwangalia mtoto wetu, hakuuliza sisi ni wa kabila gani wala tunatoka wapi. Alisema, "Ingieni, moto uko." Alitandika nyasi mpya, akamlaza mama. Kisha akateremsha kibuyu cha maziwa kutoka kwenye rafu yake. Nilisikia harufu ya moshi ambao wanafukizia vile vibuyu, na mate yakanijaa mdomoni.

Kabla ya kumimina aliuliza, kwa upole, kama mtu anayeuliza jina:

"Mama, huyu mtoto leo amekula nini?"

"Hajala kitu," mama akasema. "Amenyonya kitambaa cha sukari."

"Sukari ya nini?"

"Sukari tu. Bombo."

"Ndani ya bombo mna nini? Hamna karanga?"

Hapa niwaeleze ninyi mliozaliwa mjini. Kwa watu wale, karanga na maziwa havikutani katika tumbo moja siku moja. Aliyekula karanga akanywa maziwa, chuchu za ng'ombe aliyekamuliwa zinapasuka, damu inatoka, maziwa yanaharibika. Ndivyo walivyoshika kutoka kwa wazee wao. Na ng'ombe yule ndiye aliyelisha nyumba nzima, pamoja na yule mtoto mwenye makunjo. Mama alijua mwiko huo; watu wa bondeni na wa mlimani waliuziana mihogo na siagi tangu zamani. Alichokuwa hajui ni makombo gani aliyotia kwenye kitambaa.

"Sijui," akasema, na akaanza kulia. "Kweli sijui. Huyu binti ndiye anajua."

Wote wakanigeukia. Mama akanipa kile kitambaa. Nyanya, aliyekaa nyuma yangu, alinifinya mgongoni, akaninong'oneza kwa Kifuliiru, lugha yetu, haraka haraka: "Sema ni ufuta. Sema ni sukari. Sema chochote."

Nilifumba macho, nikaweka fundo kwenye ulimi. Utamu ulikuwa karibu umekwisha. Kwanza nilipata maji na uzi. Kisha sukari guru. Kisha tangawizi, mbali sana. Nikangoja. Nilikuwa naomba uje ule uchungu mdogo wa ufuta. Mungu ndiye shahidi, sijawahi kuomba kitu kwa nguvu namna ile. Nilifikiri: nikisema ufuta, ndugu yangu atakunywa sasa hivi. Na nilimsikia yule mtoto mwingine akicheka kwenye kiuno cha mama yake, na nikafikiri: na huyu kesho atakunywa nini, ng'ombe akipasuka? Nasi kule mkekani Kimanga tulikuwa hatudanganyi kuhusu kilichoko mdomoni.

Karanga ikaja. Nyuma ya meno, mahali pake.

"Kuna karanga," nikasema.

Nyanya akapiga magoti yake kwa viganja viwili. "Yooo! Huyu mutoto ameniua! Mumemusikia? Mutoto wa mwanangu atakufa juu ya chuchu ya ng'ombe!"

Yule mwanamke alirudisha kibuyu kwenye rafu, akakifunika taratibu, kama vile hana haraka yoyote duniani. Mama alifumba macho. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

"Mama," mwanamke akamwambia nyanya, "nani amesema atakufa? Nimesema maziwa ya ng'ombe hatakunywa leo."

Akampa binti yake mkubwa yule mtoto mnene amshike. Akaketi kwenye kigoda, akalegeza kitenge chake, akanyoosha mikono kwa mama. "Mlete."

Akamweka ndugu yangu kwenye titi lake. Mwanzoni hakuweza, akamkamulia matone mdomoni, akamngoja, akamkamulia tena. Halafu tukasikia anameza. Mnaijua sauti ya mtoto anayemeza? Ndogo sana, lakini nyumba nzima ilikuwa inaisikiliza. Yule mtoto mnene alipoona chakula chake kinaliwa na mgeni alipiga kelele za kuamsha kijiji.

"Nyamaza, bahili," mama yake akamwambia. "Iko mbili."

Kisha akamgeukia nyanya, akatabasamu upande mmoja. "Mimi si ng'ombe, mama. Zangu hazina mwiko."

Nyanya akajipangusa magoti, akasema, "Basi hata minye nipe kiti, nimechoka."

Kesho yake asubuhi, tumbo la ndugu yangu likiwa halina karanga tena, alipewa maziwa ya ng'ombe, kidogo kwa kidole, na mchana titi, na jioni maziwa. Mama alipona taratibu. Siku alipoweza kukaa, mwenye nyumba aliniita nje akaniambia jambo ambalo sijalisahau. "Ungesema sukari, ningewapa maziwa," alisema. "Na ningekaa nikiwatazama. Sasa sina haja ya kuwatazama. Kaeni mpaka bonde litulie. Aliyenipa ng'ombe ananisikia." Kwao hicho ni kiapo.

Tulikaa. Nilitaka kumshukuru na sikuwa na kitu isipokuwa mkebe. Basi nikaufungua. Nilitandika jani la mgomba mbele ya watoto wake, nikakata vipande kwa kisu cha nyumba ile, nikawaambia wafumbe macho. Za karanga niliziweka mbali, upande wangu na nyanya. Walionja ile laini ya maua, mmoja akauliza kama tumemlisha mafuta ya kujipaka. Walionja shokola nyeupe, wakasema ni udongo mzuri. Mama yao nilimpa ule mzizi mweusi. Aliunyonya, uso ukakunjika, akautemea kiganjani akautazama.

"Hii tunawapa ndama wenye kuhara," akasema. Akaurudisha mdomoni akaendelea.

Nao wakanipa cha kwao. Ng'ombe mmoja alikuwa amezaa, na yale maziwa ya kwanza mazito ya manjano waliyapika mpaka yakashikana. Waliniambia, fumba macho. Nilisema: yai. Hapana. Nilisema: ubongo wa samaki. Wakaanguka kwa kicheko. Kilikuwa kitamu bila sukari yoyote, kilitetemeka kwenye ulimi. Nimekula vitu vya nchi nyingi, ninyi mnaniletea na mimi nakula vyote, lakini kama mngeniuliza nichague kimoja, ningechagua kile. Hakuna katoni inayoweza kukileta.

Bonde lilipotulia baba alikuja kutuchukua. Alikuwa amekonda, na magazini hayakuwa na kitu tena, hata milango. Alikuta mkebe mtupu, akakuta mtoto wake mwenyewe amenenepa. Aliketi karibu na yule mwanamke, akasema, "Sina cha kukupa." Akajibiwa, "Niachieni mkebe." Tukamwachia. Aliutumia kuweka siagi, na kila mwaka, njia ilipokuwa salama, siagi ilishuka na mihogo ya nyanya ikapanda. Ndugu yangu alimwita yule mwanamke mama mpaka mwanamke huyo alipokufa, naye ndugu yangu akapanda Mulenge kumzika, mtu mzima mwenye mvi, akalia kama siku ile alipokuwa na nguvu za kulia.

Basi ndiyo sababu nafumba macho. Ninaposhika bombo yoyote, ya chumvi, ya pilipili, ya majani ya baharini, nangoja mpaka ifike nyuma ya meno, na ninamshukuru mwanamke mmoja. Namshukuru na baba aliyeacha sabuni.

Juzi, katoni ikiwa mezani, na midomo yenu imejaa, nilimsikia mmoja wenu akisema juu ya watu wa mlimani maneno ambayo siku hizi yanasemwa barabarani na redioni. Sikumpiga. Magoti yangu hayainuki haraka. Nilichukua katoni nikaiweka chini ya kitanda changu, nikawaita wote, wakubwa na wadogo, na nikawaambia hivi, na nawaandikia ili asiwepo wa kusema hakusikia:

Katika nyumba yangu, mdomo unaotafuna bombo za watoto wa ndugu yangu hautawatukana watu wa Mulenge. Anayetaka kutukana, ateme kwanza. Na mgeni akifika mlangoni, wa bondeni au wa mlimani, muulizeni mwiko wake, mwelezeni ukweli wa kilichomo ndani, kisha mkate kipande chake kabla ya vyenu.